Honi isipolia: Mwenye gari asikimbilie dukani

Wenye magari ya biashara katika maeneo ya Temeke na Kinondoni, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Mwenge na Tegeta, wanaijua vizuri mvua ya masika. Kila inapoanza, foleni ya magari kwa mafundi umeme huongezeka, na miongoni mwa malalamiko yanayosikika ni hili: "Honi imekufa." Jibu la fundi mwenye haraka nalo linajulikana. Nunua honi mpya, jozi nzima.

Ukurasa huu, ambao kwa kawaida huangalia bei za bidhaa, wiki hii unaangalia gharama hiyo, kwa sababu mara nyingi fedha hizo hutolewa bure. Honi yenyewe ni kifaa kimoja tu katika njia ndefu ya umeme. Kasoro inaweza kuwa kwenye fyuzi, rilei, swichi ya usukani, waya, au bolti moja iliyoshikwa na kutu. Mwenye gari anayenunua honi kabla ya kupima anabahatisha kwa fedha zake.

Hasara kubwa haimo katika bei ya honi. Imo katika siku ambazo gari halikuingia barabarani. Tuseme daladala inaleta hesabu ya shilingi 80,000 kwa siku. Ikilala gereji siku mbili, shilingi 160,000 zimepotea kabla fundi hajalipwa. Kulitoa gari bila honi nako si dawa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na kanuni zake zinataka chombo kiwe na honi inayofanya kazi, na honi ni miongoni mwa vitu vyepesi kabisa kwa askari wa barabarani kukagua, kwani anachofanya ni kumwambia dereva, "Piga honi."

Ni vizuri msomaji aelewe njia yenyewe. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na kufika kwenye rilei, ambayo ni swichi ndogo inayoendeshwa na sumaku. Dereva anapobonyeza usukani, katika magari mengi hapeleki umeme kwenye honi moja kwa moja. Anachofanya ni kuunganisha waya mwembamba wa rilei na bodi ya gari, yaani ethi. Rilei hunasa kwa mlio mdogo wa "tik" na kuruhusu umeme mwingi uende kwenye honi. Ndani ya honi sumaku huvuta bati jembamba, pointi zikaachana, bati likarudi, pointi zikagusana tena, na mzunguko huo hurudiwa mara 400 hivi kwa sekunde. Sauti tunayoisikia ni mtikisiko wa bati hilo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusikiliza. Zima injini, washa swichi, mtu mmoja abonyeze honi na mwingine aweke sikio karibu na boksi la fyuzi. Rilei ikilia "tik" lakini honi ikabaki kimya, usukani na swichi yake ni vizima, na kasoro iko mbele, kati ya rilei na honi. Pasipo "tik", anza na fyuzi, kisha rilei, kisha swichi. Jaribio hili halina gharama, na huondoa nusu ya ubishi na fundi.

Katika Toyota kadhaa, fyuzi ya honi ndiyo hiyo hiyo ya taa za hazadi. Washa hazadi. Nazo zisipowaka, karibu umepata jibu bila kufungua kitu. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile, ambazo mara nyingi ni 10 au 15. Ikikatika tena papo hapo, kuna waya uliochubuka na kugusa bodi, au honi yenyewe imeganda ndani. Hapo ndipo baadhi ya vijana wa gereji hufunga karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Ujanja huo umekwisha unguza nyaya za magari, na wakati mwingine gari zima. Mwenye gari asiukubali hata kwa "mpaka jioni tu".

Rilei hupimwa kwa kuazima. Ndani ya boksi mara nyingi kuna nyingine inayofanana nayo kabisa, kwa mfano ya taa kubwa. Linganisha namba na mpangilio wa miguu, kisha zibadilishane nafasi. Honi ikilia, umenunua jibu kwa dakika mbili.

Njia ikionyesha kwamba kasoro iko mbele, fuata honi yenyewe nyuma ya bampa au karibu na rejeta. Chukua taa ya testa, funga klipu yake kwenye bodi safi isiyo na rangi, gusa tamino ya honi, na mwenzako abonyeze usukani. Taa isipowaka, umeme haufiki, na waya utafutwe ulikokatika. Taa ikiwaka na honi ikabaki kimya, bado usiitupe. Honi nyingi zenye waya mmoja hurudisha umeme kupitia bolti iliyozishika kwenye bodi. Bolti hiyo ikiliwa na kutu, honi nzima huonekana mbovu. Kwa magari yanayolala Kigamboni na kwingine karibu na bahari, hili ndilo la kushuku kwanza. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga tena.

Mwisho, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye honi kwa waya wenye fyuzi, na waya wa pili uende ethi. Ikilia, ni nzima. Ikikwaruza au kulia kwa sauti dhaifu, tazama kama ina skrubu ndogo ya kurekebishia. Izungushe robo tu kwa mara moja huku ukisikiliza. Honi iliyoingia maji ya dimbwi mara nyingi hufufuka kwa njia hii, ingawa si kwa muda mrefu. Wakati wa kuifunga, mdomo wake uangalie chini ili maji yatoke.

Usukani una tahadhari yake. Honi inayolia usukani ukikatwa kona na kunyamaza ukinyooshwa huonyesha mguso uliochakaa chini ya usukani. Kwenye magari yenye mfuko wa hewa, umeme hupita katika utepe uliokunjwa mzunguko ndani yake. Honi ikifa na taa ya mfuko wa hewa ikawaka kwa pamoja, utepe huo ndio wa kushukiwa. Kazi hiyo si ya kijana mwenye bisibisi chini ya mwembe. Betri ifunguliwe kwanza, isubiriwe dakika kadhaa, na ifanywe na fundi anayeujua mfuko huo, maana unaweza kulipuka usoni mwake.

Kuna pia honi inayolia bila kukoma, aghalabu usiku, majirani wakatoka nje. Chomoa rilei. Ikinyamaza, rilei imeganda au waya wa usukani unagusa bodi. Madereva wengi huishia kuchomoa waya wa honi na kuendelea na safari, mwenye gari asiambiwe. Baada ya wiki analetewa habari kwamba honi "imekufa" na inatakiwa fedha.

Kwa wanaokwenda Gerezani kununua, uliza volti kabla ya bei. Magari madogo na Hiace hutumia volti 12. Canter, Fuso na mabasi mengi ya dizeli yaliyotoka Japani hutumia 24. Honi ya 12 kwenye gari la 24 huungua mara moja, na ya 24 kwenye gari la 12 hulia kama mbuzi mgonjwa, au hailii kabisa. Honi ya mtumba dai ijaribiwe kwenye betri palepale dukani, na uisikilize kwa sekunde kadhaa, siyo mguso mmoja.

Anayetaka honi kubwa kuliko ya kiwandani aiwekee waya wake kutoka kwenye betri, fyuzi yake na rilei yake. Honi moja ya kawaida hula ampea 5 hivi, na kuning'iniza nne kwenye waya wa mbili ndiko kunakounguza swichi. Kama abiria wa Mbagala wanazihitaji kelele hizo ni suala jingine.

Bajaji na bodaboda njia ni fupi zaidi. Nyingi hazina rilei ya honi, na swichi iliyo kwenye mkono wa usukani huingia maji na vumbi. Ifunguliwe, isafishwe na ikaushwe kabla ya jambo lingine lolote.