Raba Kali, Dumu Halina Jina

Oya wadogo zangu wa Singida, leo naongea laivu. Mahafali ya fomu foo yakikaribia, kuanzia Misuna mpaka Unyankindi stori ni ile ile: nani anatinga Jordan, nani ana simu ya macho matatu. Ada ya sekondari za serikali mpaka fomu foo ilifutwa 2016, yunifomu wote mnavaa moja, ila wikiendi dogo anapimwa miguuni. Akikosa nembo anaitwa mshamba. Inaniuma kinoma, maana dogo akishadharauliwa kwa kiatu, hata darasani ananywea.

Juzi mnadani nilimcheki dogo ameshika raba ya mtumba. Soli hakuitazama kabisa. Alikwaruza tiki ya Nike kwa kucha aone kama inabanduka, akafunua ulimi, akanusa gundi, akaitupa chap: “Feki hii, bro.” Jicho kali balaa!

Sasa sikia. Tiki hiyo ilichorwa 1971 na mwanafunzi wa chuo kule Marekani, Carolyn Davidson, akalipwa dola 35. Staa wa kikapu Michael Jordan akasaini na Nike 1984, na toka hapo matangazo hayajapoa. Mkwanja mrefu umemwagwa ili wewe wa Unyankindi ukose usingizi kwa ajili ya raba.

Na anayelipa ni maza. Anapalilia alizeti juani, anavuna, anauza, gunia linaishia kwenye Jordan ambayo mara nyingi ni feki. Wengine wanavuta simu ya mkopo. Rejesho likichelewa simu inajifunga, macho matatu hayapigi hata picha moja.

Halafu alizeti hiyo ikishakamuliwa, cheki barabara kuu ya kwenda Mwanza. Mafuta ya alizeti yamepangwa pembeni kwenye madumu na chupa zilizokwisha tumika, mengi hayana lebo. Abiria ananunua, anasepa, hajui kakamua nani. Hapa kwetu nembo ya Nike kila dogo anaijua, ila dumu la maza halina hata jina.

Kupiga pamba ruksa, kijana lazima ung'ae. Ila mabro tuache kuwashangilia wenye nembo na kuwacheka wasio nayo, sisi ndio tunawaharibu hawa madogo. Na wewe mwenye jicho la kukamata feki, msimu huu kaa na maza, lipeni dumu lenu jina. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo hapa hapa mkoani, kaulizie vifungashio na lebo, wakueleze na njia ya kupata alama ya ubora ya TBS. Nenda kabla alizeti haijakamuliwa.