Faji ya Chokoleti yenye Pilipili: Pesa Iende Wapi?

Anayetaka kupika faji ya chokoleti yenye pilipili nyumbani ana uamuzi mmoja mkubwa wa pesa: atumie chokoleti ya kipande au unga wa kakao. Sukari, maziwa, siagi, gesi na viungo, vyote ukivijumlisha, havifiki bei ya chokoleti nzuri inayotakiwa kwa sinia moja. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa faji ya pilipili, chagua unga wa kakao, na pesa utakayookoa itie kwenye siagi halisi na viungo vizima. Sababu yangu kuu ni ladha. Unafuu wa bei unakuja baadaye.

Hata waliotangulia kupika faji hawakumwaga chokoleti nyingi. Tamutamu hii ya sukari, maziwa na siagi ilivuma Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1888 Emelyn Battersby Hartridge, mwanafunzi wa Chuo cha Vassar katika jimbo la New York, alipika pauni 30 kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Maelekezo aliyapata kutoka Baltimore, ambako faji ilikuwa ikiuzwa senti 40 kwa pauni mwaka 1886. Kwa vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha krimu, yeye alitia wakia 2 tu za chokoleti chungu, yaani kama gramu 57. Kilichobaki ni kazi ya moto na mkono. Pilipili nayo ina historia ndefu zaidi upande huohuo wa dunia: watu wa Meksiko na Amerika ya Kati walikunywa kakao yenye pilipili karne nyingi kabla sukari haijawafikia.

Tupige hesabu kwa shilingi za Tanzania. Bei ninazoweka ni za mfano, wewe tia za dukani kwako. Tuseme sukari ni 3,000 kwa kilo, maziwa 2,500 kwa lita, siagi ya gramu 250 ni 7,000, na kakao tupu ya gramu 100 ni 6,000. Faji ya kuchemsha, inayotoa takriban gramu 800, inataka sukari gramu 600, kakao gramu 60, maziwa mililita 360 na siagi gramu 60. Hiyo ni 1,800, kisha 3,600, kisha 900, kisha 1,680. Jumla 7,980. Gesi haitishi. Jiko la kawaida kwa nusu saa hula gramu 80 hivi, na mtungi wa kilo 6 ukiujaza kwa 24,000, hapo umetumia kama shilingi 300. Viungo tuvipe 500. Ukikata vipande 40 vya gramu 20, kila kimoja kimekugharimu kama 220.

Njia ya pili ndiyo inayopendwa siku hizi kwa wepesi wake: kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, chokoleti nyeusi gramu 400 na kijiko kikubwa au viwili vya siagi, unayeyusha, unamimina, unaweka kwenye friji. Haina kipimo cha moto wala kupigapiga. Lakini kopo likiwa 6,000 na kila gramu 100 za chokoleti zikiwa 8,000, tayari umetoa 38,000 kabla ya siagi. Uzito unaoupata ni uleule wa gramu 800 na kidogo, na kipande kimoja kinakaribia 1,000. Ni zaidi ya mara nne ya ile ya kuchemsha.

Katikati kuna njia ya Wabrazili, ambao hupika maziwa ya kopo na unga wa kakao mpaka yaachie sufuria, wakapata kile wanachokiita brigadeiro. Ni kitamu sana, ila kopo moja linatoa gramu 420 hivi tu, na kinabaki laini cha kuvuta, hakikatiki kama faji. Kwa bei zetu za mfano kipande kitakuwa kama 470. Wengine hupunguza gharama kwa kununua chokoleti ya kupikia ya bei nafuu, ile ambayo siagi ya kakao imeondolewa na mahali pake pakatiwa mafuta ya mawese au ya kiini cha mawese. Inaganda vizuri, lakini huacha utando wa mafuta juu ya ulimi, na pilipili ikishakuja utando huo unajulikana zaidi. Mimi siinunui.

Kuna jambo la hali ya hewa ambalo maelekezo mengi ya ughaibuni hayalitaji, kwa sababu huko halina uzito. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34 za Selsiasi, na huanza kulegea kabla ya hapo. Faji ya maziwa ya kopo na chokoleti inasimama kwa nguvu ya siagi hiyo. Itoe kwenye friji mchana wa Februari, Dar es Salaam au Mombasa, na ndani ya muda mfupi kona za vipande zimeshalala. Faji ya kuchemsha inashikiliwa na chembe ndogondogo za sukari, na chembe hizo haziyeyuki kwa joto la mchana. Anayetaka kuuza ofisini, shuleni au kwenye meza ya barazani alitie hili kwenye hesabu, maana friji nayo inakula umeme.

Sasa ladha. Chokoleti nzuri unailipia harufu zake nyembamba: tunda kidogo, ua kidogo, uchachu wa mbali. Kakao ya Tanzania inazo. Inalimwa zaidi Kyela, na ile ya bonde la Kilombero inanunuliwa na watengenezaji wa chokoleti wa Ulaya na Marekani kwa sababu ya harufu hizo hasa. Ukichukua kipande cha namna hiyo ukakizamisha kwenye sukari nyingi, ukakitia mdalasini, iliki na pilipili, umenunua kitu ambacho hutakisikia. Kipande hicho ukile peke yake, taratibu, na maji ya baridi pembeni. Kinachohitajika ndani ya faji ya pilipili ni uchungu mzito wa kakao wa kuukabili utamu, na huo unga wa kakao unao kuliko chokoleti, kwa kuwa mafuta mengi yamekamuliwa na sukari haijatiwa.

Ila uwe unga wa kakao kweli. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoliwa. Rafu ileile ya majani ya chai inabeba kakao tupu na chokoleti ya kunywa, makopo yanafanana rangi na kimo, na ile ya kunywa mara nyingi ni rahisi zaidi. Geuza kopo. Kakao tupu ina kiambato kimoja, pengine na chumvi ya kupunguza ukali wa asidi. Ukiona sukari imeandikwa kwanza, unanunua sukari kwa bei ya kakao, na faji yako itatoka tamu, hafifu, ya rangi ya udongo. Kuhusu kakao ya rangi ya kahawia na ile nyeusi zaidi iliyotibiwa kwa alkali, zote zinafaa. Ya kwanza ina uchachu kidogo, ya pili imetulia, na kwa pilipili napenda ya pili.

Uangalie kopo hata kama ni lile ulilolizoea. Desemba 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 12,000 kwa tani, wakati kwa miaka mingi kabla ya hapo ilizoeleka kati ya 2,000 na 3,000. Mavuno mabaya ya Ivory Coast na Ghana ndiyo yaliyoisukuma. Baadaye ilishuka, lakini katika kipindi kile bidhaa kadhaa zilipunguzwa uzito au zikabadilishwa mchanganyiko. Basi linganisha bei kwa gramu 100, usilinganishe kopo kwa kopo.

Siagi nayo ina mtego wake. Dukani ukiomba siagi unaweza ukapewa majarini bila mtu yeyote kukusudia kukudanganya, ndivyo tulivyozoea kuita. Siagi ya maziwa ina mafuta asilimia 80 hivi. Majarini ya kupaka mkate inaweza kuwa na maji mengi zaidi, na faji yake huachia mafuta pembeni mwa sinia. Tofauti ya bei kwa gramu 60 ni ndogo mno kuharibia sufuria nzima. Wa pwani wanaweza kutumia tui zito badala ya sehemu ya maziwa. Linapokea pilipili vizuri, japo ladha ya kakao inarudi nyuma kidogo.

Na pilipili yenyewe? Ukali wake unatokana na kapsaisini, ambayo haiyeyuki kwenye maji ila kwenye mafuta. Kwa hiyo usiirushe tu kwenye sukari inayochemka. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia pilipili kichaa kavu 2 au 3 zilizopasuliwa, kijiti cha mdalasini na mbegu za iliki punje 6 zilizopondwa. Acha dakika tano, bila kuunguza, kisha chuja. Siagi inatoka na rangi ya machweo na harufu inayojaza jiko. Unga wa pilipili wa paketi ni rahisi na hauna kazi, nusu kijiko cha chai kinatosha, lakini mara nyingi umekaa, harufu imekwisha umebaki ukali mtupu, tena mtu mmoja anaweza kuumwa na bonge wakati mwenzake hajasikia kitu. Anayependa harufu ya tunda achukue nusu ya pilipili mbuzi, aondoe ule utando mweupe unaoshika mbegu, maana ukali mwingi umo humo. Pilipili mbuzi ni jamii ya habanero, kali mara kadhaa kuliko pilipili ya unga ya kawaida, usizoeane nayo. Karafuu zisizidi 2, vinginevyo zitatawala.

Viungo vizima vya kupimiwa sokoni, Darajani au Kariakoo, vinakaa muda mrefu na unaviona kwa macho. Mdalasini wa unga huwezi kuujua umechanganywa na nini. Kijiti utakinusa hapohapo, na muuzaji mzuri atakukatia kipande ujaribu kwa ulimi.

Njia ya kuchemsha inataka uangalifu, na hiyo ni gharama pia. Chemsha sukari, kakao na maziwa ukikoroga mpaka ichemke, kisha acha kukoroga. Usinunue kipimajoto kwa ajili hii, isipokuwa utapika mara kwa mara. Dondosha tone la shira kwenye bakuli la maji baridi. Likikusanyika vidoleni likawa kidonge laini kinacholala ukikitoa majini, epua. Aliyepika kashata au halua jicho lake limeshazoea shira. Vitabu vinasema nyuzi 112 hadi 116, na hiyo ni kweli usawa wa bahari. Kila mita 300 za kupanda hupunguza nyuzi 1 hivi. Nairobi, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94, anayesubiri 114 atapata jiwe. Huko aepue mapema kwa nyuzi 6. Tone la maji baridi halihitaji hesabu hiyo, liwe Tanga au Mbeya.

Tia siagi ya viungo juu, usiiguse. Acha ipoe mpaka kitako cha sufuria kipokee kiganja chako bila kukuunguza. Ndipo uanze kupiga kwa mwiko, dakika kumi au zaidi. Mkono utachoka. Mwanzoni inang'aa na kutiririka, kisha inakuwa nzito, na ghafla mng'ao unapotea na alama ya mwiko inabaki bila kujifuta. Mimina wakati huohuo, sinia iwe imepakwa mafuta tayari, maana dakika moja baadaye itakuwa imeshikana na sufuria. Ikiwa imetoka ya chengachenga, usitupe: rudisha sufuriani na kikombe cha maji, yeyusha polepole, chemsha upya mpaka kidonge laini. Umepoteza gesi ya shilingi 300 na muda.

Njia ya chokoleti naitetea mahali pawili. Kwanza ni pale unapopika na watoto, kwa sababu sukari ya nyuzi 114 inachoma vibaya kuliko maji yanayochemka, na haitoki kwenye ngozi upesi. Pili ni unapotaka zawadi ndogo ya watu wachache, ndani ya nchi yenye baridi au nyumba yenye friji. Hapo pika nusu tu: nusu kopo la maziwa, gramu 200 za chokoleti.

Kwa anayeuza, pakiti na karatasi vitakula zaidi ya gesi. Funga kila kipande kwa karatasi ya kuokea, weka kwenye kopo linalofunga sawasawa kwa sababu unyevu wa pwani unaifanya faji itoe jasho, na iuzwe ndani ya wiki moja au mbili. Sinia ya kwanza igawe, nusu ichanganywe siagi ya pilipili na nusu iachwe ya mdalasini na iliki. Mwambie mteja asubiri kidogo kabla ya kuomba kikali zaidi, kwa sababu mafuta yanauchelewesha ukali, na pilipili inafika kooni baada ya utamu kuondoka.