Filimbi ya Wafula na Muziki wa Jazi

Wafula ni watu waliotawanyika sana katika Afrika ya Magharibi, tangu Senegal na Guinea hata Nigeria na Kamerun, na wengine wamefika mpaka Sudan. Asili yao wengi ni wachungaji wa ng'ombe. Walakini katika milima ya Futa Jalon, nchini Guinea, walisimamisha dola ya Kiislamu katika karne ya 18, ikadumu mpaka Wafaransa walipoishinda mwaka 1896. Katika milima hiyo imetoka filimbi ambayo twataka kuieleza hapa, pamoja na habari ya kukutana kwake na muziki wa jazi.

Kwanza tuseme neno juu ya lugha yao, maana majina yao huwachanganya wageni. Mtu mmoja huitwa Pullo, na wengi huitwa Fulbe. Sisi katika Kiswahili twageuza mwanzo wa neno: mtu, watu. Wao hugeuza mwisho wake, na mara nyingi herufi ya mwanzo nayo hubadilika. Mchungaji ni gaynaako, wachungaji ni aynaabe. Mpiga gambusi ni bambaado, nao wakiwa wengi ni wambaabe. Waingereza huwaita Fulani, kwa kufuata Wahausa, na Wafaransa huwaita Peul. Lugha yenyewe huitwa Pular kule Futa Jalon, Pulaar nchini Senegal, na Fulfulde upande wa mashariki.

Mwenendo wa Mfula muungwana huitwa pulaaku. Nguzo zake ni semteende, yaani haya; munyal, yaani uvumilivu; na hakkille, yaani busara. (Msomaji ajuaye Kiarabu atatambua mara moja ya kwamba hakkille na akili yetu wametoka kwa mama mmoja.) Mtu wa pulaaku hasemi sana, hajisifu, wala hafungui moyo wake mbele za watu. Basi kuimba na kupiga ala kwa ujira kumekuwa kazi ya watu wengine, kama hao wambaabe, na kule Futa Jalon kazi ya nyamakala, wazungukao vijijini kwa filimbi, vibuyu na mizaha. Wanavyuoni wa nchi ile waliwatazama kwa jicho la shaka. Wao wenyewe walitunga mashairi ya dini kwa Pular, wakiyaandika kwa herufi za Kiarabu kama tenzi zetu za pwani, nayo yalisomwa kwa sauti tupu bila ala. Tumeyaeleza haya kwa sababu jazi humtaka kila mpigaji atoke mbele kwa zamu yake, aonyeshe yaliyomo moyoni mwake papo hapo. Mfula mpiga filimbi aweza kufanya hivyo bila kuvunja desturi, kwa kuwa kazi yake tangu zamani ilikuwa kusema yale ambayo muungwana huona haya kuyasema.

Filimbi hiyo huitwa tambin, jina la mti utambaao ambao hutengenezwa kwao. Huitwa pia serdu, na wengine huiita fulannu. Hushikwa upande, ikiinama kidogo. Kandoni mwa tundu la mdomo huwekwa kingo mbili zilizoinuka, kama mabawa madogo, ziikusanye pumzi ya mpigaji. Matundu ya vidole ni matatu tu. Mtu angedhani ya kwamba kwa matundu matatu hapana wimbo utakaopatikana. Lakini mpigaji akizidisha nguvu ya pumzi, sauti hupanda ghafula daraja moja, kisha daraja nyingine, na kwa vidole vile vile vitatu hupata sauti za kutosha wimbo mrefu.

Hata hivyo ajabu yake si matundu. Ajabu ni ya kwamba mpigaji hupuliza na kuimba pamoja. Sauti ya koo lake huingia ndani ya filimbi, ikatoka imechanganyika na pumzi, mara ni neno, mara ni mlio, mara ni kelele ya mtu aitaye ng'ombe bondeni. Mwenye kuisikia mara ya kwanza hudhani kuna watu wawili. Ajuaye Pular husikia jina la mtu likitajwa, au sifa, au mzaha, na papo hapo neno humezwa na wimbo. Kwa hiyo twaona si sawa kuiita ala tu. Ni ala na kinywa pamoja.

Sasa tuitazame jazi. Ilizaliwa kwa watu weusi wa Marekani, mjini New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Roho yake ina asili ya Afrika, lakini vyombo vyake vingi ni vya Ulaya. Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji, aliyepata hati yake mwaka 1846. Filimbi ya chuma ipigwayo siku hizi ilitengenezwa na Theobald Böhm wa München mwaka 1847. Vyombo hivi vimekusudiwa kutoa sauti zote 12, pamoja na zile nusu-sauti ambazo katika piano hupigwa kwa vibao vyeusi. Wapigaji wa jazi huzitumia zote, nao huhamahama kutoka ngazi moja ya sauti kwenda nyingine kabla wimbo haujaisha.

Hapa ndipo penye shida. Tambin ina ngazi moja tu ya sauti. Wenziwe wakihama, yeye hawezi kuwafuata. Wasomaji wa pwani wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Fidla ya Kizungu iliingia katika taarabu pasipo taabu, kwa kuwa kidole huteleza juu ya uzi na kupata sauti yo yote. Bali kodiani sauti zake zimekwisha kufungwa kiwandani, na mwimbaji hana budi kuzikubali.

Mlango ulifunguliwa na wana jazi wenyewe. Mwaka 1959 Miles Davis alitoa sahani yake Kind of Blue, ambamo wapigaji hukaa kitambo kirefu juu ya ngazi moja ya sauti bila kuhamahama. Katika muziki wa namna hiyo tambin si mgeni tena. Mwaka 1995 ilitoka Sarala, kazi ya Hank Jones, mpiga piano mzee wa Marekani, pamoja na Cheick Tidiane Seck wa Mali na wenzake, na humo filimbi ya Kifula hujibizana na piano.

Kazi iliyoiweka filimbi mbele ya vyombo vyote ni ya kikundi kiitwacho Fula Flute. Waliokianzisha ni Bailo Bah wa Guinea (Bah ni moja katika koo nne kubwa za Wafula, pamoja na Diallo, Barry na Sow) na Sylvain Leroux, mtu wa Montreal. Walitoa sahani yao ya kwanza mwaka 2002, na ya pili, Mansa America, mwaka 2008. Pamoja na filimbi mbili mna kora, balafoni na besi. Katika bendi nyingi filimbi ya Kifula huitwa mwishoni, itie harufu ya Afrika kama mdalasini juu ya chai. Hapa besi ndiyo imfuatayo Mfula.

Leroux hakuishia hapo. Alibuni tambin yenye matundu zaidi, iwezayo kutoa zile nusu-sauti zote, na watoto wa Conakry wamefundishwa kuipiga na kusoma noti. Wako watakaosema ya kwamba hiyo si tambin tena. Sisi twaona matundu si neno kubwa. Tuna hofu juu ya koo. Mtoto ashughulikaye na vidole vingi na karatasi iliyo mbele yake aweza kusahau kusema ndani ya filimbi, maana noti haziandiki Pular. Leroux mwenyewe, ajapokuwa mgeni, alijifunza kupuliza na kuimba pamoja kama wenyeji, na katika sahani zile kuna mahali ambapo ni vigumu kujua ni koo la nani linalosikika, lake au la Bah.