Rada Hupima Muda, Si Unene wa Lami

Barabara ikikamilika, unene wa lami hupimwa kwa kutoboa. Mashine hukata kipande cha duara, wenyewe wanakiita kore, mhandisi anaweka rula, kisha shimo linazibwa. Kipimo hicho hakina ubishi, ila kinatoa habari za pale kilipokatwa tu. Mita mia mbele, nani anajua?

Ndiyo sababu ya rada ya kupenya ardhi. Antena hufungwa kwenye gari, ikining'inia kama nusu mita juu ya barabara, na gari likaenda hata kilomita 80 kwa saa bila kuzuia magari mengine. Antena hupiga mawimbi ya redio kwenda chini. Pale lami inapoisha na kokoto kuanza, sehemu ya mawimbi hurudi juu, na kifaa hurekodi muda wa kwenda na kurudi.

Muda, si unene. Ukipewa ripoti ya rada, anzia hapo. Hewani wimbi hukata sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Ndani ya lami huenda polepole zaidi, kutegemea kiwango cha daielektriki cha lami hiyo: gawanya 30 kwa kipeuo cha pili cha kiwango hicho. Tuseme mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 2, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kiwango kikiwa 4, lami ina sentimita 15. Kikiwa 9, ina 10 tu. Mwangwi ni ule ule, na mkandarasi anadai malipo yale yale. Kwa hiyo kore chache lazima zikatwe ili rada isahihishwe. Anayekuuzia rada kwa ahadi kwamba hutatoboa tena, mwogope.

Mimi naithamini rada zaidi kwenye kutafuta maji. Kiwango cha daielektriki cha maji ni karibu 80, hivyo kokoto zikilowa mwangwi wake huwa mkali. Shimo linalorudi kila masika hata likizibwa, mara nyingi ugonjwa wake ni maji yaliyo chini ya kiraka. Lakini udongo mweusi wa mbuga humeza mawimbi, na maji ya chumvi vivyo hivyo. Chini yake rada haioni kitu.

Wala haisemi lolote kuhusu nguvu ya barabara. Kwa hilo kuna kifaa kinachoangusha uzito na kupima lami inavyobonyea. Ila hesabu zake zinahitaji unene wa kila tabaka, na unene ukikosewa, hata uimara utakaosomwa ni wa uongo.