Usalama wa programu za wingu

Usalama wa programu za wingu ni jumla ya njia zinazotumika kulinda programu zilizotengenezwa ili ziendeshwe kwenye kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti. Neno "wingu" lisimpoteze msomaji: data haielei hewani, bali imo ndani ya seva katika majengo makubwa ya makampuni kama Amazon, Microsoft na Google.

Programu hizi hugawanywa katika huduma ndogondogo, na kila huduma hufungashwa ndani ya kontena. Docker, iliyotolewa mwaka 2013, iliyafanya makontena yajulikane sana. Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, huyaratibu yakiwa mengi. Kwa kuwa huduma huwasiliana kupitia mtandao, kulinda lango la nje peke yake hakutoshi. Kila huduma inapaswa kuthibitisha ni nani anayeiomba taarifa kabla ya kujibu.

Wajibu wa ulinzi umegawanyika. Mwenye seva hulinda majengo na mitambo; mteja hulinda programu, data na ruhusa alizotoa. Ni kama nyumba ya kupanga: mwenye nyumba huweka kitasa, lakini kufunga mlango ni kazi ya mpangaji.

Tukio la benki ya Capital One ya Marekani laonyesha hatari ilipo. Machi 2019 mdukuzi aliyewahi kufanya kazi Amazon alitumia ngome ya mtandao iliyosanidiwa vibaya. Aliifanya ngome hiyo imwombee funguo za muda kutoka huduma ya ndani ya wingu. Funguo hizo zilikuwa na ruhusa pana kuliko kazi ya ngome ilivyohitaji, hivyo aliweza kusoma hifadhi za data. Data ilikuwa imesimbwa, lakini ruhusa zilezile zilitosha kuifumbua. Taarifa za watu takriban milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zilichukuliwa. Benki ilijua mwezi Julai tu, tena baada ya mtu wa nje kuiandikia barua pepe. Mwaka 2020 ilitozwa faini ya dola milioni 80.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kutoa ruhusa ndogo kabisa inayotosha kazi, na ya pili ni kutunza kumbukumbu za matumizi na kuzisoma. Kuzitunza bila kuzisoma hakumzuii mwizi.

Nywila na funguo hazipaswi kuandikwa ndani ya msimbo wa programu. Mwaka 2016 wadukuzi walikuta funguo za Uber katika hifadhi ya msimbo kwenye GitHub, wakapata taarifa za watu milioni 57.

Vilevile inafaa kuwa na orodha ya vipengele vyote vilivyomo ndani ya kila kontena. Kasoro ya Log4j ilipotangazwa Desemba 2021, makampuni mengi yalilazimika kwanza kutafuta kama yanaitumia maktaba hiyo, na wapi, kabla ya kuanza kuirekebisha.