Atomu Zinapogeuka Masikio

Msomaji mpenzi, bila shaka unaikumbuka jioni ile tulipojaa ukumbini kutazama kandanda. Mvua ikaanza, na papo hapo picha ikakatika. Tulipiga kelele wee! Mimi nikasimama nikajigamba kwamba siku si nyingi dishi litatupwa, eti atomu zitafanya kazi yake. Wenzangu wakanicheka. Mwalimu wa fizikia akasema, "Basi tuandikie chamani." Haya, niliyoyapata ni haya.

Kwanza, mbona picha ikatike? Setilaiti nyingi za televisheni ziko juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000. Mawimbi hufika kwetu yakiwa yamefifia, na mvua nayo huyapunguza zaidi. Dishi huyakusanya, kisha antena ndogo ya chuma iliyo mbele yake huyageuza kuwa umeme. Lakini ukubwa wa antena hufuata urefu wa wimbi. Wimbi la FM la megahezi 100 lina mita 3, na antena yake ya kawaida huwa nusu ya hapo. Ukitaka wimbi jingine mbali na hilo, tafuta antena nyingine.

Sasa chukua kichupa cha kioo chenye mvuke wa rubidiamu. Ukikimulika kwa leza ya kwanza, atomu huimeza nuru yake. Ongeza leza ya pili: elektroni ya nje hupandishwa mbali na kiini, na atomu huvimba maelfu ya mara. Hiyo huitwa atomu ya Rydberg, kwa heshima ya Johannes Rydberg, mwanasayansi wa Uswidi. Hapo nuru ya leza ya kwanza huachiliwa ipite.

Elektroni hiyo ni kama embe linaloning'inia kwenye kikonyo chembamba. Upepo kidogo tu, linatikisika. Wimbi la redio likipita, nuru inayotoka kichupani hubadilika. Tukiisoma nuru, tumepata ujumbe. Tena ukibadili rangi ya leza kidogo, kichupa kile kile husikia wimbi jingine. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani waliripoti chombo cha aina hii kinachosikia kuanzia 0 hadi gigahezi 20. Televisheni nyingi za setilaiti ziko kwenye gigahezi 11 au 12 hivi, kwa hivyo zimo.

Je, dishi litupwe? La hasha! Karai kubwa ndilo hukinga maji mengi. Kichupa cha ukubwa wa kidole gumba hakiwezi. Atomu zitakaa mbele ya dishi, mahali pa antena. Isitoshe, vipokezi bora vya umeme bado vinazishinda kwa kusikia mawimbi hafifu.

Mwalimu, nakiri nilitia chumvi. Lakini nanyi mlionicheka, kubalini kwamba atomu zina masikio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nani atainama nami maabarani?