Jicho la Angani na Malisho ya Mifugo

Mfugaji hodari huitazama mbuga yake akajua kama ukame wakaribia. Siku hizi anaye mwenzake wa kutazama: setilaiti.

Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu wa jua, bali hurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho ya binadamu. Setilaiti, kama zile za Landsat zilizoanza kurushwa na Marekani mwaka 1972, hupima mianga hiyo miwili. Tofauti ikiwa kubwa, majani mabichi ni mengi, ikipungua, yanakauka. Vipimo vya juma hili hulinganishwa na vya majuma kama haya miaka iliyopita, na dalili za ukame huonekana mapema.

Hata hivyo tusidanganyike. Huko Baringo, Kenya, mti wa mathenge hubaki kijani wakati wa kiangazi, ilhali nyasi zimekauka. Setilaiti huona ukijani; haijui kama mbuzi atashiba.

Kwa hiyo, wanaopanga misaada ya ukame hawana budi kutazama picha za angani, kisha wamwulize mfugaji. Picha peke yake haitoshi.